Kabla ya Kubeba Mimba ya Watu Marekani, Dai Kitabu cha Bima

Barua ilinifikia miezi mitano baada ya kujifungua mtoto wa wenyewe. Bahasha nyeupe yenye kidirisha, nikadhani ni matangazo yao ya kila siku. Kumbe bima yangu ya kazini inataka irudishiwe ilicholipa: kliniki, vipimo, kitanda cha hospitali, vyote. Na inataka kutoka kwenye pesa niliyolipwa kwa kubeba, ambayo siku hiyo ilishageuka bati juu ya nyumba ya mama.

Kwa hiyo dada, kama uko huku na umeanza kuwaza kuwa mama mbebaji, mengine utaelekezwa na kila mtu. Hili la bima utalijua kwa kuungua.

Sisi tumezoea bima ikishalipa hospitali, imelipa. Huku zipo zinazokataa kabisa mimba ya namna hii, na zipo zinazolipa kimyakimya huku zimejiwekea haki ya kukudai baadaye. Haki hiyo huikuti kwenye vile vikaratasi vya picha unavyopewa ukianza kazi. Iko kwenye kitabu kamili cha mpango wako wa bima. Kiombe kwa maandishi, na ukikipata soma sehemu mbili: panapotajwa kubeba mimba kwa niaba ya mwingine, na panapozungumzia kurudishiwa gharama. Uliza pia kama mwajiri wako ndiye anayelipa matibabu kwa mfuko wake na kampuni ya bima ni karani tu. Mipango hiyo iko chini ya sheria ya shirikisho, na kinga ya sheria za jimbo lako inaweza isikufae kitu.

Wakala aliyeniunganisha na wenye mtoto aliniambia, "Bima yako iko sawa." Nami nikashukuru! Maana yake ilikuwa kwamba mimba italipiwa. Ya baada ya hapo hakuyasema, nami sikuyauliza.

Mkataba nao ulikuwa na mstari mtamu: wenye mtoto watalipa gharama zote za matibabu "zisizolipwa na bima". Usome tena. Bima ililipa. Barua ilipokuja, mstari ule haukunisaidia. Mwambie wakili wako aandike waziwazi kwamba dai lolote la bima, hata likija baada ya mtoto kuzaliwa, ni la wenye mtoto, na kwamba akaunti ya dhamana, ile inayotunza pesa za kukulipa, isifungwe siku ya kujifungua. Nasema wakili wako, si wa wenye mtoto. Ada yake watalipa wao, lakini atumike kwako.

Hatua zenyewe hazina maajabu. Kliniki nyingi zinataka uwe na miaka kati ya 21 na 45 na umeshazaa salama angalau mara moja, utaongea na mwanasaikolojia, utameza vidonge vya homoni ya estrojeni, watapandikiza kiinitete (yai lililokwisha kurutubishwa), kwa kawaida kimoja, utapimwa damu, halafu mapigo ya moyo kwenye wiki ya sita au ya saba. Sindano za projesteroni, homoni ya kushikilia mimba, ndizo zitakazokuchosha. Nesi alinichorea duara kwa kalamu kila upande wa makalio nisikosee pa kuchoma, na ile chupa ya dawa, maana imechanganywa na mafuta, nilikuwa naipasha joto kwapani. Kwa wiki kadhaa kwenye basi nilikalia upande mmoja.

Sheria ni za jimbo kwa jimbo. New York iliruhusu malipo kwa mbebaji kuanzia Februari 2021. Michigan, iliyokuwa ikiyafanya kosa la jinai, imeyaruhusu tangu Aprili 2025. Walioko Kanada wajue kule kulipwa ni marufuku, utarudishiwa gharama tu. Uingereza wewe ndiye mama kisheria mpaka mahakama itoe amri.

Ndugu zetu sasa. Mama mdogo alilia kwenye simu, namgawaje mtoto wangu? Nilimweleza mara tatu kwamba yai si langu, akanyamaza, sijui kama alikubali. Wengine hawakulia, walipiga hesabu. Wapendwa, pesa hiyo haimwagwi kwa mkupuo. Huja kidogo kidogo kila mwezi, mara nyingi baada ya mapigo ya moyo kuonekana. Msimwandikishe mtoto shule mpya kwa mimba ya wiki nne.

Wamarekani watakukumbatia na kukuita malaika. Hawakudanganyi. Ila kwao mapenzi yana droo yake na karatasi zina droo yake, wakati sisi tunaona kumdai maandishi mtu aliyekushika tumbo ni kumtukana. Mimi niliona haya. Baadaye yule mama wa mtoto aliniuliza, kwa mshangao wa kweli, kwa nini sikuomba kifungu hicho tangu mwanzo, wangekiweka.

Wakili alipigania deni likapungua. Wenye mtoto walichangia nusu, kwa hiari yao. Nusu yangu nailipa kidogo kidogo kila tarehe moja, imebaki miezi kumi na minne.