Kusubu na kukereza silinda ya injini ndogo ya mvuke nyumbani

Silinda ndiyo roho ya injini ya mvuke. Gurudumu likiyumba kidogo injini itazunguka tu, lakini tundu la silinda likiwa na umbo la yai, mvuke utapenya kando ya pistoni na kazi yote imepotea. Kwa hiyo tanuri nitaliacha, kwa kuwa wengi mnalijua, na nitakaa zaidi kwenye mchanga na kwenye kutoboa. Silinda yetu ina tundu la milimita 25 na urefu wa milimita 50.

1. Chagua bronzi

Acha koki kuukuu za maji. Zina zinki nyingi, na zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, chini ya joto tunalohitaji. Ule moshi mweupe ukiuvuta, usiku utatetemeka kwa homa. Nenda kwa wauza vyuma chakavu utafute bushi kuukuu (mirija mifupi ambamo ekseli huzunguka) za bronzi. Kwaruza kwa tupa: bronzi (shaba iliyochanganywa na bati) huonyesha wekundu, brasi (shaba na zinki) huonyesha njano.

2. Kiolezo na kiini

Chonga kiolezo cha mbao, yaani mfano wa silinda utakaoacha umbo lake mchangani, cha vipande viwili vilivyopasuliwa kwa urefu na kukutana katikati. Kila uso utakaokatwa uongezee milimita 3, na pande zilale kidogo ili kitoke bila kubomoa mchanga. Bronzi hunywea karibu asilimia 1.5 inapopoa, yaani kwenye silinda hii haifiki hata milimita moja.

Kiini kitakachoacha tundu kiwe na unene wa milimita 20, na kizidi silinda milimita 15 kila upande ili kipate pa kulala. Changanya mchanga mkavu na molasi, shindilia ndani ya kipande cha bomba kilichopasuliwa, pitisha waya katikati kisha uuchomoe, halafu oka mpaka kiini kigumu kama biskuti. Njia ya waya ndiyo itakayotoa gesi.

3. Mchanga

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mchanga laini sehemu kumi, bentoniti (udongo laini unaoshikisha mchanga) sehemu moja, na maji ya kunyunyiza, si ya kumwaga. Finya konzi moja kisha livunje donge hilo vipande viwili. Likivunjika safi, alama za vidole zikabaki na kiganja kisilowe, mchanga uko tayari. Likimomonyoka, ongeza maji kidogo. Likiacha unyevu mkononi, liache likauke. Maji yakikutana na bronzi iliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo na kuirusha usoni mwako.

Uso utakaobeba njia za mvuke ulaze chini ndani ya kalibu, yaani mchanga ulioshindiliwa kuzunguka kiolezo, maana takataka huelea juu. Na pamoja na mdomo wa kumiminia, acha shimo la pili lililo nene kuliko kuta za silinda. Silinda inapoganda hunywea, na hunyonya bronzi kutoka humo. Bila shimo hilo utakuta mapovu ndani.

4. Kumimina

Fanyia kazi nje, juu ya mchanga mkavu. Sakafu ya saruji ikidondokewa na metali hupasuka na kuruka. Vaa ngozi, viatu vilivyofunikwa na kinga ya uso. Ondoa takataka juu ya chungu, mimina mfululizo bila kusita, kisha usiguse mpaka ipoe.

5. Kutoboa

Wengi hufunga silinda kwenye chaki, yaani kishikio kinachozunguka cha mashine ya kukereza, na kuingiza kisu kilichoshikwa upande mmoja. Kisu hicho hupinda, na tundu hutoka jembamba ndani kuliko mdomoni. Mwaka 1775 John Wilkinson wa Uingereza alilitatua jambo hili kwenye silinda za James Watt, aliyeboresha injini ya mvuke: fimbo ya kisu ilipita silinda nzima na kushikwa ncha zote mbili.

Fanya hivyohivyo. Nyoosha uso mmoja kwa tupa, kisha ufunge silinda juu ya gari la mashine ya kukereza, ikiinuliwa kwa vipande vya bati mpaka ilingane na senta, yaani ncha mbili za mashine zinazoshika fimbo. Fimbo ya milimita 14, ndefu zaidi ya mara mbili ya silinda, izunguke kati ya senta mbili. Kata milimita 0.2 kila safari. Ya mwisho iwe 0.05, halafu rudia bila kusogeza kisu. Kisha kereza fimbo inayokaza ndani ya tundu, ivishe silinda, na usawazishe ncha zote mbili bila kuitoa.

Nakusihi usisugue tundu kwa dawa ya kusagia vali. Mimi nilifanya hivyo mara moja. Chembe zilizama kwenye bronzi na zikaitafuna pistoni yangu ya kwanza mpaka ikawa na mistari. Kisu kikali kinatosha.

6. Jaribu kabla ya kutoboa njia za mvuke

Paka chokaa nje ya silinda, ziba ncha moja, jaza mafuta ya taa, uache usiku kucha. Doa lolote la unyevu asubuhi ni tundu la povu, na silinda hiyo irudi chunguni. Ikibaki nyeupe, kereza pistoni, ipake mafuta, ziba ncha moja kwa kiganja na uivute. Ukiiachia, irudi yenyewe ndani.