Swichi ya kukata sola kwenye gari-nyumba

Nimefungua swichi ya paneli ya gari letu, ile ya kawaida ya ukutani, nikakuta ncha zake zimeungua. Nunua iliyoandikwa DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa paneli), na volti zake zizidi Voc (volti za paneli isiyounganishwa na kifaa chochote) ya paneli zote zilizoungwa mfululizo: mbili za Voc 22 ni 44, na baridi huzipandisha zaidi, kwa hiyo swichi ya betri ya volti 32 haitoshi. Swichi ya ukutani ni ya AC (mkondo geu wa nyumbani): umeme wa AC wa 50Hz hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, cheche ya swichi huzimika. Wa DC haupiti, cheche huendelea kuunguza. Ampea za swichi: Isc (ampea za paneli nyaya zake mbili zikigusanishwa) mara 1.25 au zaidi. Ukizima, nyaya kutoka paa hadi kwenye swichi bado zina umeme mchana, kwa hiyo funika paneli kabla ya kugusa nyaya hizo.