Mzingile wa Minotaur kwa watoto wa chekechea: jinsi ya kuuchora usipotee mwenyewe

Mwalimu mwenzangu alinipigia Jumapili saa tatu usiku. Kesho yake ana kipindi cha hadithi za Kigiriki na watoto wa miaka mitano hadi saba, na mzingile, ile nyumba ya njia za kuzungukazunguka, ameshauchora mara sita, kila mara mistari inagongana. Nilicheka, maana mwaka juzi jambo hilohilo lilinikesha mimi. Nimeandika hapa yale niliyomwelekeza kwa simu, pamoja na niliyosahau kumwambia.

Vifaa: boksi gumu la sentimita 50 kwa 50, penseli, rula, unga wa ngano, chumvi, uzi mwekundu wa kufumia. Plastisini siitaki darasani kwangu. Ni ghali, na joto likizidi inageuka mlenda. Na tafadhali usichapishe mzingile uliochorwa tayari. Mtoto ataishia kupaka rangi tu, na hadithi nzima imo kwenye kuujenga.

Hatua ya 1: Simulia

Dakika kumi, bila kusoma kitabuni. Mfalme Minos wa kisiwa cha Krete ana kiumbe, Minotaur, mwenye mwili wa mtu na kichwa cha fahali. Fundi Daedalus anaagizwa amjengee nyumba ambayo aliyeingia hatoki. Athens inalazimishwa kupeleka wavulana 7 na wasichana 7 waliwe. Theseus, mwana wa mfalme wa Athens, anajitolea kwenda, Ariadne binti Minos anampa donge la uzi, anaingia, anaua, anatoka kwa kuufuata uzi.

Minotaur alizaliwaje, hilo waachie watakapokuwa wakubwa. Lakini usifiche kwamba alikula watu. Mtoto aliyelelewa na hadithi za zimwi hashtuki. Atakachouliza ni kama aliwala wabichi.

Hatua ya 2: Mbegu

Mzingile huu hauanzi na duara. Unaanza na mbegu. Weka alama sentimita 15 kutoka ukingo wa chini wa boksi, kushoto kidogo ya katikati. Hapo chora msalaba kama alama ya kujumlisha, kila mkono sentimita 6. Sasa una vyumba vinne. Katika kila chumba chora L: kona yake ielekee kitovu cha msalaba, ikae sentimita 3 kutoka kila mkono, na miguu yake iende sambamba na mikono ya msalaba hadi usawa wa ncha zake. Mwisho, nukta moja kwenye kona ya nje ya kila chumba.

Hesabu ncha: msalaba 4, L 8, nukta 4. Jumla 16. Kila tao litaunganisha ncha mbili, kwa hiyo matao ni 8, hakuna ncha inayobaki.

Kwa nini sentimita 3? Mara ya kwanza niliacha nafasi ya sentimita 1 kwenye karatasi ya A4. Mchoro ulipendeza. Tulipoweka kuta za unga, kuta zikameza njia yote. Kumbuka pia kwamba upana wote utakuwa kama mara 15 ya nafasi uliyoacha. Ukitaka kuuchora uwanjani kwa chaki watoto watembee ndani, nafasi ya sentimita 30 itakudai mita 4 na nusu.

Hatua ya 3: Matao manane

Hapa ndipo nilipokaa kuanzia saa mbili usiku hadi saa saba. Soma taratibu.

Tao la 1: ncha ya juu ya msalaba, kwenda ncha ya juu ya L iliyo juu kulia. Ni kakilima kadogo tu. Humo ndimo atakamokaa Minotaur.

Tao la 2: ncha ya juu ya L ya juu kushoto, inaruka kilima kile, inatua kwenye nukta ya juu kulia.

Simama hapo kwanza. Jicho linapenda pande mbili zifanane, kwa hiyo mkono utakuvuta uunganishe L ya kushoto na L ya kulia. Usikubali. Mzingile huu umepinda upande makusudi. Kanuni ni hii: kushoto chukua ncha inayofuata ukishuka, kulia chukua ncha inayofuata ukishuka, uziunganishe kwa kupita juu ya yote uliyokwisha kuchora. Mimi nililinganisha pande zote mbili mara tano, nikamlaumu Daedalus.

Tao la 3: nukta ya juu kushoto, kwenda ncha ya pembeni ya L ya juu kulia.

Tao la 4: ncha ya pembeni ya L ya juu kushoto, kwenda mkono wa kulia wa msalaba.

Tao la 5: mkono wa kushoto wa msalaba, kwenda ncha ya pembeni ya L ya chini kulia.

Tao la 6: ncha ya pembeni ya L ya chini kushoto, kwenda nukta ya chini kulia.

Tao la 7: nukta ya chini kushoto, inazunguka juu, inashuka kulia, inapita chini ya nukta uliyoifunga sasa hivi, inaingia kwa chini kwenye ncha ya L ya chini kulia.

Tao la 8 ndilo lililomwangusha mwenzangu. Zimebaki ncha mbili, zote chini, zimekaa jirani: ya L ya chini kushoto na ya msalaba. Yeye akazifunga kwa kamstari kafupi. Umefunga mlango, nikamwambia. Nafasi kati ya ncha hizo mbili ndiyo njia ya kuingilia. Anzia kwenye L, zunguka kushoto, juu, kulia, urudi chini hadi kwenye msalaba. Safari nzima.

Ili matao yasisogeleane, kata kipande cha boksi chenye upana wa sentimita 3 ukitembeze juu ya tao la mwisho kama kipimo. Usitumie bikari, itakukorofisha kwenye mapindo ya chini.

Watoto wa miaka mitano hawataweza haya. Wachoree wewe kwa penseli, wao wapitishe kalamu ya rangi juu. Wa miaka saba hufika hadi tao la 4 peke yao.

Hatua ya 4: Kidole

Kabla ya unga, kila mtoto atembeze kidole kutoka mlangoni. Unaingia mzunguko wa tatu kutoka nje, wa pili, wa kwanza, kisha wa nne, ghafla uko wa saba, ukutani kwa Minotaur. Unadhani umefika, kumbe unarudishwa wa sita, wa tano, ndipo unaingia.

Mtoto mmoja alirudia mara tatu kisha akanitazama: "Ticha, mbona njia ni moja tu? Uzi wa nini sasa?"

Nilikosa la kusema. Ni kweli, mchoro huu hauna njia panda hata moja. Na si kosa letu. Ndio uliogongwa kwenye sarafu za Knossos, mji wa Minos mwenyewe, na umo pia, wenye kona za mraba, kwenye kibao cha udongo cha Pylos, mji wa kale wa Ugiriki, cha takriban mwaka 1200 K.K. Msichana wa nyuma akamjibu: "Mle ndani kulikuwa na giza."

Sijapata jibu zuri kuliko hilo.

Hatua ya 5: Kuta

Unga vikombe 2, chumvi kikombe 1, maji kikombe 1 kasoro, uyatie kidogokidogo. Kanda hadi usinate mkononi. Watoto wasokote nyoka wembamba kama penseli, wawalaze juu ya mistari, mistari ikiwa imelowanishwa kidogo. Juani siku mbili au tatu. Msimu wa mvua usijaribu. Chumvi inavuta unyevu hewani na kuta zinatoa jasho. Usiku hifadhi juu ya kabati, panya wanaupenda kuliko watoto.

Hatua ya 6: Minotaur na uzi

Kidonge cha unga, pembe mbili za njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa. Asizidi upana wa sentimita 2. Uzi mwekundu ufungwe mlangoni, ulazwe hadi kwake. Waache wapime wenyewe urefu unaohitajika. Wote hukata mfupi.

Hatua ya 7: Mashua

Ganda la nazi au boksi la maziwa, matanga mawili ya kitambaa, jeusi na jeupe. Theseus alimwahidi baba yake Aegeus kwamba akipona atapandisha jeupe. Alisahau. Mzee akaona tanga jeusi, akajitupa baharini, na Wagiriki wakaiita bahari hiyo kwa jina lake. Tanga moja likaleta matanga. Mtoto abadilishe tanga mwenyewe kwa kibanio cha nguo. Darasani kwangu kila mtu huweka jeupe, isipokuwa mmoja, kila mwaka kuna mmoja.