Namna ya kumwandika mtoto mkimbizi mwenye asili mbili

Mwandishi anayetaka kuunda mhusika mtoto mkimbizi, ambaye baba na mama yake wametoka katika watu tofauti, kwa kawaida huanza na huzuni ya mtoto huyo. Ningemshauri aanze na kalamu ya karani anayeandikisha wakimbizi. Nyumbani mtoto hula, hucheza na kukaripiwa kwa lugha mbili bila kuona ajabu yoyote. Jambo huanza pale mtu anapomtaka ajibu kwa neno moja. Basi kazi ya kwanza ni kujua nani anauliza, lini, na jibu litaleta nini.

Kabla ya kutafuta maneno ya kupamba, piga hesabu ya miaka. Tuichukue kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma. Mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi yaliwatawanya watu, wengine wakaingia Tanzania na wengine Kivu Kusini, pande za Uvira na Fizi. Vita vilipozuka huko Kongo mwaka 1996, Wabembe, wenyeji wa Fizi, na majirani zao walivuka Ziwa Tanganyika, na kambi ikafunguliwa kwa ajili yao. Mwaka 2015 Waburundi wengine walikimbilia Kagunga, kijiji cha Tanzania kando ya ziwa, karibu na mpaka, meli ya MV Liemba ikawachukua hadi mjini Kigoma, na wengi wakapelekwa Nyarugusu hiyo hiyo. Hesabu hii inakupa mhusika kamili: mama aliyezaliwa Fizi na wazazi Waburundi wa 1972, baba Mbembe, na binti aliyezaliwa kambini mwaka 2005. Kadi inamtaja kuwa Mkongo. Ana miaka kumi siku wanapofika watu wanaozungumza lugha ambayo mama yake humbembelezea.

Jina nalo lichague kwa uangalifu. Ukimwita Ciza, kila msomaji ajuaye Kirundi ataelewa kwamba alitanguliwa na mapacha, Bukuru na Butoyi, naye ataanza kuuliza waliko kabla hujaandika sentensi ya pili.

Kisha ipe kila lugha kazi yake. Baba aseme "niko nakuya" na "batoto". Muuguzi aliyetoka Kasulu mjini aseme "ninakuja" na "watoto". Na binti ajue, bila kufundishwa, wapi atumie kipi. Msomaji wa Kiswahili atasikia tofauti hiyo mara moja, kwa hiyo usiifafanue, na umwombe mhariri asiinyooshe (wahariri wetu wana mkono mwepesi sana katika kunyoosha Kiswahili cha Kongo).

Onyesho lenye nguvu zaidi ni foleni ya maji. Mama mgeni, mwenye ndoo mpya, anamsikia binti akitamka neno la Kirundi, anafurahi, anamuuliza: "Uri mwene nde?", yaani, wewe ni mtoto wa nani? Binti anataja jina la baba, na furaha ile inapoa. Kwa Waburundi na kwa Wabembe mtoto huhesabiwa upande wa baba, hivyo lugha yake inaeleweka lakini hakuna anayemhesabu kuwa wake. Usiandike hata mstari mmoja wa maelezo baada ya hapo. Kanuni hiyo ya baba ndiyo inayotawala pia kwa mtoto wa Mhutu na Mtutsi, na ukiandika habari yake, acha kabisa kumtambua kwa kupima pua na urefu.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata waandishi wazuri, nao ni kumfanya mtoto huyu kuwa daraja la amani. Ni kweli kwamba watu wazima watamtuma akawatafsirie, ila tafsiri hiyo ina gharama. Ili amweleze muuguzi yaliyompata mgeni njiani, binti wa miaka kumi lazima kwanza ayasikie, ayaelewe, kisha ayatafutie maneno ambayo nyumbani angepigwa kwa kuyatamka. Andika neno analoliruka. Andika pia usiku wa siku hiyo.

Shule haihitaji kurasa nyingi: kambi moja ilikuwa na mitaala miwili, wa Kongo na wa Burundi, na inatosha kumwonyesha binti akipita dirisha la darasa ambalo si lake huku akiuelewa wimbo unaoimbwa ndani. Akilini mwake hakuna neno "utambulisho". Mwache ahesabu madirisha.

Mwisho, kiangalie kitenzi "kurudi". Binti huyu hajawahi kukimbia mahali popote. Baba anaposema kurudi anaiona Fizi. Mama anataja kilima cha Burundi ambacho hata yeye anakijua kwa masimulizi tu. Na kuanzia 2017, Waburundi walipoanza kurejeshwa kwa hiari, rafiki mpya wa binti anasema neno hilo akiwa amekwisha kufunga mzigo. Kiweke kitenzi hicho katika vinywa vyote vitatu, kisha mpe binti zamu yake ya kukitumia, na usimchagulie mahali.