Kutuliza fujo katikati ya mji: mwongozo kwa mkaguzi wa kata na wakazi wa Kigoma

Msako wa usiku mmoja hujaza karandinga, na ikifika Jumatatu waliokamatwa wote wamesharudi vijiweni. Kinachopunguza fujo ni kazi ya kuchosha zaidi: kujua kero gani inatokea wapi, saa ngapi, na inapata wapi nafasi, kisha kuiziba hiyo nafasi. Yafuatayo yanamhusu mkaguzi wa polisi aliyepangiwa kata, mtendaji wa mtaa, mwenyekiti wake, na wenye biashara kuanzia Mwanga hadi stesheni.

Daftari kwanza, doria baadaye

Nunua kauntabuku moja ya kwaya 2 na uichore safu sita: tarehe, saa, mahali, kitendo, aliyeona, hatua iliyochukuliwa. Likae ofisi ya mtaa, si mfukoni mwa mtu. Safu mbili ndizo huharibiwa mara nyingi. Ya kwanza ni mahali: "sokoni" haisemi kitu, andika "mbele ya vibanda vya chipsi, upande zinapogeuzia bajaji". Ya pili ni kitendo. Ukiandika "wahuni wamesumbua", umeandika hukumu, hujaandika tukio. Mstari unaofaa unasomeka hivi:

*Ijumaa, saa 3:40 usiku, kona ya duka la dawa. Vijana wawili wamemvuta mkono muuza matunda, wamemwaga beseni la maembe. Ameona mlinzi wa duka. Wameondoka kabla ya doria kufika.*

Kusanya kwa wiki nne kamili, usikate njiani. Sababu ni ziwa. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haivuti samaki, kwa hiyo vyombo hupumzika siku kadhaa. Siku hizo watu wa mwalo wa Kibirizi wako nchi kavu, wengine na fedha mkononi, na baa za mjini hujaa hata Jumanne. Ukichukua kumbukumbu za wiki mbili za giza peke yake, utapanga doria ya Ijumaa na Jumamosi, halafu mbalamwezi ikukute huna askari. Kalenda yenye alama za mwezi ibandikwe ukutani karibu na ratiba.

Jambo jingine linalosahaulika na wanaonakili ratiba kutoka Dar es Salaam: huku jua huzama takriban dakika 40 baadaye kuliko kule. Doria ya kuanzia saa 12 jioni inazunguka mchana kweupe na kuchoka kabla ya giza kuingia. Asubuhi ni kinyume chake. Saa 12 bado kuna giza, na ndio muda abiria wanatembea na mabegi kuelekea stendi. Doria ya saa 11 hadi saa 1 asubuhi kwenye njia hizo ina faida kuliko saa mbili za jioni.

Gawa kero kwa mwenye nayo

Wiki nne zikiisha, kaeni meza moja: mkaguzi wa kata, mtendaji, mwenyekiti wa mtaa, afisa biashara na afisa mazingira wa Manispaa ya Kigoma/Ujiji, afisa ustawi wa jamii, na wenyeviti wa vijiwe vya bodaboda. Pitieni daftari mstari kwa mstari. Mtashangaa namna mistari mingi isivyo ya polisi hata kidogo. Taa iliyoungua si jinai. Muziki wa baa unaanzia kwenye leseni. Chagueni sehemu tatu tu za kuanza nazo. Mkichagua kumi, hakuna itakayobadilika.

Tuanze na baa, maana ndizo zinazozaa nusu ya maneno kwenye mikutano ya mtaa. Omba leseni ya vileo na uisome palepale: aina ya leseni na saa za kuuza. Wengi hulumbana kuhusu kelele wakati mwenye baa ameshapitisha saa zake, jambo ambalo ni rahisi zaidi kulithibitisha. Kwa kelele zenyewe kuna kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na kipimo hufanywa na afisa mwenye kifaa. Programu ya simu haitasimama mbele ya hakimu, ila inasaidia kumwonyesha mwenye baa anachosikia jirani.

Kabla ya faini, kagua spika. Mara nyingi zimepangwa barazani zikitazama barabara ili kuvuta wateja. Zigeuzwe zitazame ndani, zishushwe kutoka ukutani ziwekwe kwenye stuli juu ya mpira, na besi ipunguzwe, kwa kuwa besi ndiyo inayopenya ukuta wa jirani. Usimame getini kwa jirani, si mlangoni pa baa, usikilize tena. Makubaliano yaandikwe na kusainiwa, tarehe iwepo. Akirudia mara ya pili, karatasi hiyo iende kwa afisa biashara na iingie kwenye faili lake la kuhuisha leseni. Hapo ndipo wenye baa hulegea. Faini ndogo wanaihesabu kama gharama ya umeme.

Stendi dawa yake ni mpangilio. Wapiga debe hugombania begi la abiria kwa sababu hakuna anayejulikana. Wasajiliwe, wavae vizibao vyenye namba kubwa mgongoni, na abiria waelekezwe mlango mmoja. Kwa bodaboda, zungumza na mwenyekiti wa kijiwe kwanza, kwa heshima yake. Ukimvamia mbele ya vijana wake, hutapata taarifa tena.

Watoto walio mtaani hawahusiki na karandinga. Apigiwe afisa ustawi wa jamii, au namba 116 ya msaada kwa mtoto.

Walinzi wa mtaa

Watembee wawili wawili, na filimbi, tochi, kizibao cha kuakisi mwanga na kitambulisho cha mtaa. Panga na rungu zibaki nyumbani. Kila zamu iwe na askari mmoja anayepatikana kwa simu. Dharura ni 112.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu raia kumkamata anayetenda makosa fulani mbele ya macho yake, na inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Hakuna kumfungia ofisi ya mtaa hadi asubuhi, hakuna kumpiga, hakuna "adhabu ndogo" ya kurushwa kichura. Mlinzi akimpiga kibaka, kesi inageuka: kibaka anakuwa mlalamikaji, na anaweza kushinda. Mtu kukaa tu kibarazani na nguo chafu si sababu ya kumkamata, awe mgeni au mwenyeji. Mji huu unapokea watu wa treni, wa meli na wa kutoka ng'ambo ya ziwa, na lafudhi ya mtu haithibitishi chochote.

Kesi nyingi za matusi na ugomvi hufa kwa sababu ya maelezo mepesi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inataka lugha au ugomvi uwe wa namna inayoweza kuvunja amani. Kwa hiyo maneno yenyewe yaandikwe kama yalivyotamkwa, hata yakiwa machafu, pamoja na nani alikuwa karibu na alifanya nini aliposikia. Ukishafungua jalada, nakili namba ya RB (namba ya taarifa iliyoandikishwa kituoni) kwenye daftari la mtaa na umwambie shahidi tarehe ya kufika mahakamani kwa mdomo na kwa ujumbe wa simu. Mama lishe akifunga biashara siku nzima kusubiri shauri lililoahirishwa, mara ya pili haji. Ulizia asubuhi kabla hajatoka. Mlalamikaji pia aelezwe mapema kwamba mtuhumiwa anaweza kutoka kwa dhamana, na kwamba dhamana ya polisi hailipiwi, asije akadhani pamepita kitu kidogo.

Michango ya walinzi ikusanywe kwa stakabadhi na mtu asiye mlinzi, mapato na matumizi yabandikwe kila mwezi kwenye ubao wa matangazo. Mlinzi anayejikusanyia mwenyewe ataanza na mia tano ya muuza karanga.

Mkaguzi akihamishwa, na atahamishwa, daftari linabaki. Atembee na mrithi wake usiku mmoja kwenye sehemu zile tatu, amtambulishe kwa wenyeviti wa vijiwe ana kwa ana, na amwachie makubaliano ya baa yaliyosainiwa yakiwa kwenye faili la mtendaji, na nakala kituoni.