Gari la otomatiki linalogoma kubadili gia asubuhi za baridi: anza kutafuta wapi

Kuanzia Juni hadi Agosti Dodoma hupata asubuhi za nyuzi joto 13 au 14, na siku nyingine hushuka chini ya hapo. Ndiyo miezi ya malalamiko yaleyale gereji: gari linawaka vizuri, ukiweka D linatulia kwanza kisha linashtuka; au linang'ang'ania gia ya pili mpaka unakaribia kufika kazini; au linasumbua hadi lipate moto, baada ya hapo halina neno. Mwenye gari anaambiwa gia boksi imekufa, atafute ya mtumba. Mara nyingi hukumu hiyo ni ya haraka mno.

Nyuzi 13 ni baridi ndogo kwa gia boksi. IST, Premio na Noah zilizojaa mjini zilitengenezwa kwa soko la Japani, na kule Hokkaido joto la Januari hukaa chini ya sifuri huku magari hayohayo yakibadili gia kwa oili ileile. Kinachotokea hapa ni kwamba oili ikipoa inakuwa nzito, inapita polepole kwenye vijia vyembamba vya vali bodi (sehemu inayogawa presha ya oili), na pistoni zinazobana klachi zinachelewa kupata presha. Gia boksi nzima inauvumilia uzito huo. Yenye kasoro, kama oili pungufu, sili ngumu au chujio lililoziba, inaumbuka asubuhi na kujificha mchana jua likishawaka.

Yale ambayo si ugonjwa

Injini ikiwa ya baridi, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda hadi mizunguko 1,200 au 1,500 kwa dakika. Ukiingiza D hapo lazima gari lishtuke. Subiri mshale ushuke karibu na 1,000, mguu ukiwa kwenye breki, ndipo uingize gia. Mara nyingi ni dakika moja hivi.

La pili, kompyuta ya gari kwa makusudi haitoi gia ya juu kabisa wala haifungi torki konveta (kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi) mpaka maji ya injini yafike joto fulani. Kwa Toyota nyingi ni karibu nyuzi 50 hadi 60. Kwa hiyo kilomita chache za mwanzo gari linanguruma zaidi ya kawaida. CVT, gia boksi ya mkanda isiyo na gia za hatua, nayo hushikilia mizunguko juu kwa muda. Likiacha lenyewe, usiguse kitu.

Ugonjwa ni huu: gari kukaa zaidi ya sekunde mbili baada ya kuingiza D au R, mizunguko kupanda bila gari kuvuta, kugonga kwa kishindo, taa ya O/D (ya gia ya juu) kuwakawaka, au gari kubaki kwenye gia moja safari nzima.

Pima kwa saa ya simu

Fundi akiambiwa "linachelewa" hajaambiwa kitu. Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, kanyaga breki, injini iwe sailensa na AC imezimwa. Hamisha kutoka N kwenda D, pima mpaka usikie gari limeshika. Rudisha N, subiri dakika nzima, rudia mara tatu upate wastani. Kisha fanya hivyo hivyo N kwenda R. Kipimo cha Toyota oili ikiwa na moto wa nyuzi 50 hadi 80 ni chini ya sekunde 1.2 kwa D na chini ya 1.5 kwa R. Pima asubuhi kabla ya kutoka, pima tena ukishaendesha nusu saa, andika zote mbili.

D na R zote zikichelewa, tatizo liko kwenye kitu wanachochangia: kiasi cha oili, chujio, pampu, presha. Moja tu ikichelewa, kuna klachi au sili ya upande huo imechoka. Ikichelewa mara ya kwanza tu asubuhi, halafu siku nzima safi, oili inashuka kutoka kwenye torki konveta gari likilala. Liache siku mbili bila kuwashwa uone kama kuchelewa kunazidi. Ikichelewa baridi na kupona kabisa ikipata moto, shuku sili za mpira zilizokakamaa, ambazo zikipata joto hulainika na kuziba tena. Lakini gari zima asubuhi na linaloteleza mchana, barabara ya Singida saa nane, lina klachi zilizoisha au presha inayoporomoka oili ikiwa nyepesi. Baridi haihusiki hapo.

Thamostati iliyotupwa

Hapa ndipo pesa nyingi zinapookolewa, na ndipo watu wengi hawaangalii. Gari likichemsha mwezi Novemba, dawa ya mkato inayopendwa ni kung'oa thamostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, na kufunga bila kitu. Joto linashuka, mteja anafurahi. Ikifika Julai, injini hiyo haipati moto: maji yanazunguka kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza, na upepo wa asubuhi unayapoza. Kompyuta inaona nyuzi 45, inaamini injini bado inaamka, inazuia gia ya nne na inaacha torki konveta wazi. Gari linanguruma, mafuta yanaisha haraka, na gia boksi inasingiziwa.

Kujua ni rahisi. Washa injini ya baridi, shika bomba la juu la rejeta kwa uangalifu, mbali na feni na mikanda. Lenye thamostati nzima linabaki baridi dakika kadhaa, kisha linapata moto ghafla. Lisilo nayo linapanda joto polepole tangu mwanzo. Kwa mashine ya kupimia gari soma joto la maji ukiwa barabarani: baada ya dakika kumi hadi kumi na tano liwe limefika 80 na kuendelea. Kodi ya hitilafu P0128 kwenye mashine hiyo nayo inaelekeza hukohuko. Injini ya 1NZ-FE ya IST hutumia thamostati inayoanza kufunguka karibu na nyuzi 82. Funga ya kiwango hicho pamoja na ringi yake ya mpira, jaza kulanti, toa hewa. Kama gari litaanza kuchemsha tena, basi rejeta au feni ndiyo ilikuwa mgonjwa tangu mwanzo, itibiwe hiyo.

Sensa ya joto la maji ikidanganya inaleta dalili zilezile. Chomoa soketi, pima kwa mita: kwa Toyota nyingi ni takriban kilo-omu 2.3 hadi 2.6 kwenye nyuzi 20, na omu 310 hadi 326 kwenye nyuzi 80. Ikiwa mbali na hapo, badilisha. Ni kifaa kidogo.

Oili: kiasi na aina

Gari lenye stiki ya gia boksi hupimwa likiwa na moto, si asubuhi. Endesha kama nusu saa, simama tambarare, acha injini inawaka, mguu kwenye breki pitisha lever P hadi L na kurudi P, ukipumzika kidogo kila mahali. Chomoa stiki, futa, rudisha mpaka mwisho, chomoa usome: oili iwe ndani ya alama ya HOT. Alama ya COLD ni ya kukadiria tu. Honda nyingi ni kinyume, hupimwa injini ikiwa imezimwa muda mfupi tu uliopita, kwa hiyo soma kitabu cha gari. Futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, na kabla ya kuchomoa pangusa vumbi kwenye mdomo wa bomba. Vumbi la Dodoma likiingia humo halitoki lenyewe.

Oili pungufu inafanya pampu ivute hewa. Iliyozidi nayo inatoa povu, na povu halibani klachi. Ongeza kidogo kidogo, robo lita kwa wakati.

Gia boksi zisizo na stiki, zile za oili ya WS, hupimwa kwa bolti ya kufurikia: gari likiwa limenyanyuliwa sawasawa pande zote, injini inawaka, joto la oili karibu nyuzi 40 hadi 45 kwenye mashine, unafungua na kungoja mpaka itoke matone tu. Anayeipima bila kusoma joto anabahatisha.

Aina ni jambo lisilo na mjadala. IST ya kwanza yenye gia nne inataka T-IV. WS ni nyepesi kuliko T-IV, hazibadilishani kiholela. X-Trail T31 ya CVT inataka NS-2. CVT za Toyota zina oili zake, TC au FE kulingana na gari, na kumimina T-IV humo ni kuuchinja mkanda wa chuma. Maneno "oili nyekundu ya gia boksi" dukani hayatoshi. Omba kopo lenye jina la kiwango hicho.

Ukimwaga, IST hutoa kama lita 2.5 hadi 3, zaidi ya nusu inabaki kwenye torki konveta. Pima ulichomwaga, rudisha kiasi hichohicho, endesha siku chache, rudia mara mbili. Fungua sampo (bakuli la oili chini ya gia boksi), badilisha chujio na gasketi, tazama sumaku: ute wa kijivu laini ni kawaida, vipande vya chuma vinavyokwaruza kidole si kawaida. Gari la kilomita nyingi ambalo halijawahi kubadilishwa oili, usilipeleke kwenye mashine ya kusukuma kwa presha. Uchafu uliotulia utahamia kwenye vali bodi. Oili yenye rangi ya maziwa ya waridi ina maji ndani. Kipozeo ndani ya rejeta kimetoboka, na gari lisiwashwe tena.

Umeme na mauntingi

Betri iliyochoka huonekana asubuhi. Iliyolala iwe na volti 12.4 hadi 12.6, injini ikiwaka 13.5 hadi 14.5. Chini ya hapo solenoidi, vali za umeme ndani ya gia boksi, zinafanya kazi kwa kusuasua. Solenoidi za kubadili gia kwenye Toyota nyingi husoma omu 11 hadi 15 kwenye nyuzi 20. Ile ya presha omu 5.0 hadi 5.6. Soma kodi kabla ya kuzifuta: za P0750 na kuendelea zinataja solenoidi, P0711 inataja sensa ya joto la oili, P0741 kufungwa kwa torki konveta.

Kishindo cha D kinaweza pia kuwa mauntingi ya injini (mpira unaoishikilia) iliyokatika, kwani mpira wa baridi ni mgumu zaidi. Fungua boneti, mtu mwingine abadilishe D na R akiwa amekanyaga breki, wewe ukisimama pembeni. Injini ikiruka, umeshapata.

Ukimaliza haya yote na oili bado inanuka kuungua, kuna chuma kwenye sampo na gari linateleza, hapo kweli ni kufungua au kubadilisha. Ukinunua ya mtumba, linganisha kodi ya gia boksi kwenye kibati cha gari, chukua na torki konveta yake, na usifunge mabomba kabla ya kusafisha kipozeo cha rejeta kwa kupitisha oili safi, maana chuma cha gia boksi ya zamani kimebaki humo.