Kabla hujafungua kliniki ya wanaofanya biashara ya ngono, au hujawapelekea dodoso lako la utafiti, soma hii

Naandika kwa manesi, waelimisha rika, vikundi vya kijamii na nyie wanafunzi wa utafiti mnaotaka kufanya kazi na watu wanaofanya biashara ya ngono, wake kwa waume na matransi pia. Kila siku naona watu wanakuja na nia nzuri na bajeti nzuri alafu mwezi wa tatu kliniki iko tupu, ndo unasikia "hawa watu wagumu sana". Jamani sio wagumu. Wametukanwa mapokezini, wamechorewa alama kwenye faili, wamehojiwa na watafiti ambao hawakuwaona tena, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata kitanda kimoja, fuata njia ya jina. Namaanisha jifanye wewe ndo mteja, anzia getini uone jina lako na kazi yako vinavujia wapi. Mlinzi anakuuliza kwa sauti unaenda idara gani, mapokezi wanaita jina lako mbele ya benchi zima, faili lako lina rangi ya peke yake, dirisha la dawa lina foleni ambayo mtaa mzima unajua ni ya nini, alafu jioni meseji ya kukumbusha miadi inaingia kwenye simu ambayo mama yako au mtoto wako ndo anaishika. Kila sehemu kati ya hizo inaweza kumfukuza mtu moja kwa moja, mimi mwenyewe nimeona dada akigeuzia getini kwa sababu ya neno moja la mlinzi na hakurudi tena. Tumia namba badala ya majina, faili liwe sawa na mafaili mengine yote, muulize kila mtu anataka atafutwe vipi na saa ngapi, na meseji isiseme zaidi ya "usisahau Alhamisi". Na mafunzo ya siri usiwape madaktari peke yao, mpe mlinzi, mpe mfagizi, mpe anayebeba sampuli, maana hao ndo wanaishi mtaa mmoja na wateja wako.

Saa za kufungua wala sio jambo la kuandikia ripoti. Mtu aliyekesha kazini hawezi kuja saa mbili asubuhi, fungua mchana mpaka usiku kidogo, na siku mbili tatu kwa wiki timu itoke iwafuate walipo. Waulize wenyewe siku zipi, watakwambia.

Sasa waelimisha rika, hapa ndo roho ya kazi yote. Mradi wa Sonagachi kule Kolkata, India, ulioanza 1992 chini ya Dk. Smarajit Jana, uliwachukua wanawake wanaofanya kazi hiyo hiyo wakawa ndo wanaopita mlango kwa mlango na kondomu na elimu, 1995 wakaunda umoja wao unaoitwa Durbar na mwaka huo huo wakaanzisha ushirika wa akiba na mikopo, na 1999 umoja huo ukaushika mradi wenyewe. Nikisoma hiyo huwa nawaambia watu waangalie ushirika ulikuja mapema kiasi gani. Mwanamke mwenye akiba anaweza kumkataa mteja asiyetaka kondomu, mwanamke anayedaiwa kodi kesho asubuhi inakuwa ngumu, hata umhubirie mwaka mzima. Waelimisha rika wako walipwe. Usiwape fulana na soda ukaita ni kujitolea, wanaacha kipato cha usiku ili wakufanyie kazi ambayo wewe huiwezi. Na mkataba uandikwe, na siku moja mmoja wao akae kwenye kiti cha msimamizi.

Huduma zenyewe: kondomu za kiume na za kike, na vilainishi vya maji kwa wingi, tena hapa sisitiza sana kwamba mafuta ya kupaka na ya mgando yanaharibu kondomu ya mpira ndani ya dakika chache inapasuka. Vipimo vya VVU na kaswende, na vya kisonono na klamidia hata kama mtu hana dalili, kwa sababu kwa wanawake wengi magonjwa hayo hukaa kimya kabisa. Vituo vingi vinapima mkojo au ukeni tu vinaishia hapo, wakati kisonono kinaweza kukaa kooni au njia ya haja kubwa kipimo cha mkojo kikatoka safi, kwa hiyo uliza kwa heshima mtu anafanya ngono ya aina gani ndo uamue uchukue sampuli wapi. Chanjo ya homa ya ini B, uzazi wa mpango, uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi. Na tafadhali mwanamke akija na presha au jino mtibu presha au jino, usimrudishe kwenye VVU kila akifungua mdomo, yeye ni mtu mzima mwenye mwili mzima.

Dawa za kujikinga na VVU kabla mtu hajakutana na virusi, yaani PrEP, zieleze kwa utulivu na umpe mtu achague. Kuna vidonge, kuna pete ya ukeni ya dapivirine inayobadilishwa kila mwezi, kuna sindano ya cabotegravir ya kila miezi 2, na sindano ya lenacapavir ambayo ni mara 2 tu kwa mwaka, Shirika la Afya Duniani liliipendekeza 2025. Hivi vyote havipo kila mahali kwa hiyo mwambie kilichopo kweli. Nakwambia tu kwamba kwa wengi swali la kwanza sio nguvu ya dawa, ni nitaificha wapi, maana chupa ya vidonge ikilia kwenye mkoba mwenzio anadhani unatumia ARV na maneno yanaanza. Msikilize kwenye hilo kabla hujaanza kumhesabia vidonge alivyoruka.

Alafu dharura. Kondomu imepasuka au mtu amebakwa, dawa ya kuzuia VVU baada ya tukio ianze mapema iwezekanavyo na isizidi saa 72, inamezwa siku 28, na dawa ya dharura ya kuzuia mimba inaweza kutumika mpaka siku 5 lakini kila saa inayopita inapunguza nguvu. Sasa mambo haya hutokea usiku wa Ijumaa na Jumamosi, kliniki yako Jumatatu. Weka namba moja ya simu ambayo usiku inapokelewa na mtu anayejua dawa inapatikana wapi saa hiyo hiyo, na dozi za siku tatu za kuanzia zikae sehemu inayofikika. Kama bajeti inatosha kitu kimoja tu, ningeanza na hiyo simu. Na mtu aliyepigwa au kubakwa asikie kwanza "pole, upo salama hapa", habari ya kwenda polisi aiamue yeye, sehemu nyingine polisi ndo waliompiga.

Usimlazimishe mtu kupima ili apate kondomu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani iko wazi kwamba upimaji ni hiari. Na ukikutana na aliye chini ya miaka 18, huyo ni mtoto anayenyonywa, mtibu kwa upole bila kumkimbiza na uwe tayari una watu wa ulinzi wa mtoto unaowaamini, sio unaanza kuwatafuta siku hiyo.

Haya tuje kwenye utafiti, ambako nina hasira kidogo. Utafiti umeleta mambo makubwa, wanawake wa biashara hii wa Benin, Ivory Coast, Afrika Kusini na Thailand ndo waliofanya dunia ijue 2000 kwamba ile jeli ya nonoxynol-9, ya kuua mbegu za kiume, haikingi VVU, na kwa anayeitumia mara nyingi inaongeza hatari. Wanawake wenzao wa Pumwani, Nairobi, toka miaka ya 1980 wametoa damu zao, na baadhi yao ambao hawakuambukizwa pamoja na kukutana na virusi mara nyingi walifungua njia nzima ya utafiti wa chanjo. Kwa hiyo swali lao la "na sisi tunapata nini" ni la haki kabisa. Mwaka 2004 Cambodia, jaribio la kutumia tenofovir, dawa ya kutibu VVU, kama kinga lilisimamishwa kabla halijaanza, umoja wa wanawake wanaouza ngono ulikuwa umeuliza nani atawatibu kama dawa ikiwaletea madhara baadae, wakataka bima ya muda mrefu, na majibu ya kuwaridhisha hawakupata. Miaka michache baadae, 2007, ikatoka miongozo ya kushirikisha jamii kwenye majaribio ya kinga ya VVU.

Kwa hiyo wewe anza na kikao kabla hujaandika andiko la utafiti, uliza wao wanataka kujua nini, utashangaa, mara nyingi ni usingizi, pombe, malezi, polisi, maumivu ya mgongo. Wawili kati yao wakae kwenye timu na walipwe kama wasaidizi wengine wa utafiti. Dodoso lijaribiwe kwao, kila neno la kudhalilisha litoke. Ridhaa itolewe kwa mdomo kama sahihi inaweza kumweka mtu hatarini, omba kamati ya maadili ikuruhusu. Muda wa mtu ulipwe hata akiacha katikati. Kama unauliza habari za kupigwa au kubakwa, mshauri awe chumba cha pili, siku hiyo hiyo, sio karatasi yenye namba ya simu.

Ramani za vijiwe kaa nazo mbali. Ukichapisha mahali watu wanaposimama umemsaidia anayetaka kuwakamata, hata kama wewe ulitaka kugawa kondomu tu. Usikusanye GPS usiyoihitaji, usipige picha, hata za migongo, watu wanatambuana kwa nguo.

Na matokeo yarudi kwao kwanza, kwa lugha yao, pale pale walipokutana na wewe mara ya kwanza, kabla hayajaenda kwenye jarida au kwa mfadhili. Wakisema sehemu fulani umeielewa vibaya, irekebishe. Ile karatasi inayounganisha namba na majina, kama ilikuwepo, iandikwe tarehe ya kuchomwa toka kwenye fomu ya ridhaa, na siku hiyo ikifika waite wawakilishi wao waje waione ikiungua.